Kinshasa–Lubumbashi si saa moja na robo. Usilipe kwanza!

Ndugu, usilipe! Umeandika kwamba asubuhi utatoka Kinshasa na viza yako, ushuke Lubumbashi, na siku hiyo hiyo ushike ndege ya Addis Ababa kwa tiketi nyingine, kwa sababu "angani ni saa moja na robo tu". Nani kakudanganya? Mimi nilidanganywa hivyo hivyo na wakala wa tiketi pale mjini, bwana wa tai na kalkuleta mbili mezani. Kalkuleta mbili!

Kilomita ulizouliza ni kama 1,550. Ndege inazimaliza kwa saa mbili na robo, siku nyingine saa mbili na nusu.

Yule bwana alitazama safari yangu ya kwenda: kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, 10:00, kufika N'djili, uwanja wa Kinshasa, 11:15. Akatoa, akapata saa moja na robo. Lakini 10:00 ni saa ya kwetu, 11:15 ni ya Kinshasa, na wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Nami, mtoto wa Kamalondo hapa Lubumbashi, ninayempigia dada yangu Kinshasa kila Jumapili nikijua bado hajala, nikaitika ndiyo.

Kurudi, tukaruka 10:00. Saa yangu ya mkononi nilikuwa nimeirekebisha kule kule Kinshasa. Tulipotua ikasoma 12:15. Nikamlaumu rubani moyoni, kwamba anaendesha kama dereva wa lori la Likasi. Hata hivyo sikuwa na haraka, ndege ya Addis ilikuwa 14:30. Nikasubiri begi, nikasubiri na katoni ya chikwange, ile mikate ya muhogo, nikanunua maji. Saa yangu 12:50, nikajongea kaunta taratibu kama bwana harusi. Dada mmoja alikuwa anakunja utepe. Akaninyooshea kidole ukutani: 13:50. Walikuwa wamefunga tangu 13:30.

Tiketi mbili mbalimbali, kwa hiyo hakuna wa kunilipa. Dola 640 zikaenda. Ndege nikaiona ikiondoka, mimi nimekaa juu ya katoni. Wakala nilipomrudia alisema "kulikuwa na upepo". Upepo! Chikwange nilikula siku nne, na bukari, ugali wetu, nikaikosa nikiwa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa saa, ziweke zote kwenye saa ya uwanja mmoja. Kinshasa ongeza moja, Addis punguza moja, ndipo utoe. Ukibisha, tazama Johannesburg: toka hapa ni kilomita kama 1,600, karibu sawa na Kinshasa, na saa zao ni sawa na zetu. Tiketi yake inaonyesha saa mbili na nusu hivi. Ndege za Kinshasa zina mabawa gani ya ziada?

Lala Lubumbashi usiku mmoja, upande ndege ya Addis kesho yake. Au niandikie hapa saa za tiketi zote mbili, nizihesabu leo kabla hujatoa pesa. Na huyo aliyekuambia saa moja na robo, muulize amevaa saa ya wapi.