Barua kwa mwanangu: upande wa tatu wa kiwanja

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama vipimo vya kile kiwanja cha pembetatu unachotaka kununua vinawezekana: AB mita 18, AC mita 25, na BC, uliozibwa na kichaka cha miiba, muuzaji ameandika mita 45. Haviwezekani. Usitoe arubuni kwanza.

Kutoka B kwenda C, njia fupi kuliko zote ni iliyonyooka. Ukipitia A unazunguka, na mzunguko huo ni 18 + 25, yaani 43. Iweje mstari ulionyooka uupite mzunguko? Hata ukiwa 43 kamili, A inalala juu ya mstari wenyewe na kiwanja hakipo. Kwa kikomo cha chini unatoa: 25 − 18 = 7. BC ikiwa 6, basi 18 + 6 ni 24, na AC ya 25 haifikiki. Kwa hiyo BC imezidi 7 na haijafika 43.

Watakuwepo wa kukuambia upige Pithagorasi, yaani kipeo cha pili cha 18 ujumlishe na cha 25 kisha utafute kipeuo, upate 30.8. Hiyo ni kweli endapo tu kona A ina nyuzi 90, na hiyo kona hakuna aliyeipima.

Lakini kati ya 7 na 43 ni mbali mno kwa mtu anayenunua ardhi. Angalia hili pengo: 43 − 7 = 36, mara mbili ya 18, upande mfupi kati ya zile mbili. Ndivyo ilivyo siku zote. Basi ukitaka pengo libane, tafuta upande mfupi. Pigilia kigingi P mita 2 tu kutoka B, pembeni, mahali ambapo tepu inafika C bila kugusa miiba. Tuseme PC ni 30: BC iko kati ya 28 na 32. Kisha kigingi Q, mita 3 kutoka C, upande wa pili wa kichaka. QB ikiwa 32, BC iko kati ya 29 na 35. Unganisha yote mawili: kati ya 29 na 32.

Tepu ikazwe, na kwenye mteremko ishikwe mlalo. Ikilegea au ikifuata mteremko husoma zaidi. Majibu ya P na Q yasipokutana kabisa, mathalani 28 hadi 32 na 33 hadi 39, kuna angalau kipimo kimoja kibovu. Rudia vyote kabla hujamrudia muuzaji.

Mama yako