Muulize Fundi: Acha shafti ikae palepale

SWALI: Hujambo Fundi. Mwaka jana niliagiza Lexus NX 300 ya 2018 kutoka Japani, ile ya fowili, inayosukumwa na magurudumu yote manne. Kabla yake nilikuwa na Vitz, kwa hivyo nilijua mafuta yatapanda, lakini si kiasi hiki. Naishi Ruaka, kazi yangu ni Upper Hill, na dashibodi inanionyesha kilomita 6.8 kwa lita. Fundi wa mtaani amelala chini ya gari, akainuka akasema mlaji ni hiyo fowili. Anataka shilingi elfu nane aitoe propela shafti, lile fito la chuma linalopeleka nguvu nyuma, gari livute kwa mbele pekee, eti nitafika kilomita 11. Nikubali?
– Mama wa Ruaka

JIBU: Usikubali, mama. Hizo elfu nane zitie kwenye tangi.

NX yako haisukumi magurudumu ya nyuma kila wakati. Kwenye lami kavu, ukienda mwendo wa kawaida, inavuta kwa mbele. Kule kwenye difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kuna klachi inayotawaliwa kwa umeme. Kompyuta ikihisi magurudumu ya mbele yanateleza, au ukikanyaga mafuta kwa nguvu wakati wa kuondoka, ndipo klachi hiyo inabana na nguvu kiasi inakwenda nyuma, isizidi nusu. Ukiwa umekwama Limuru Road unachobeba ni uzito wa vyuma hivyo na msuguano wake. Vina gharama, sikatai, ila ni ndogo. Vipimo rasmi vya Marekani kwa NX 300 ya 2018 vinaipa ya magurudumu mawili wastani wa maili 25 kwa galoni, na ya manne 24. Kwa hesabu yetu hiyo ni kilomita 10.6 dhidi ya 10.2 kwa lita. Basi. Hicho ndicho unachouziwa. Aliyekuahidi 11 ameahidi kupita hata lile gari lililotoka kiwandani bila shafti.

Na mvua za Aprili zikishuka, uchochoro wa matope ukikukamata usiku, utaikumbuka shafti hiyo. Siku ya kuuza nayo, mnunuzi atakuja na fundi wake, na fundi huyo naye analala chini ya gari.

Mafuta yanakwenda wapi, basi? Kutoka Ruaka hadi Upper Hill chukua ni kilomita 15. Kama ungetembea bila kusimama, kwa kilomita 10 kwa lita, ungetumia lita moja na nusu. Lakini wewe husimama: Muthaiga, Museum Hill, Uhuru Highway yote, kisha raundabauti ya Bunyala ambako askari wa trafiki amesahau upande wenu. Injini ya lita mbili yenye tabo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hunywa karibu lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua. Ukijumlisha dakika 45 za kusimama, umeongeza robo tatu ya lita. Gawa kilomita 15 kwa lita 2.25. Unapata 6.7, yaani kilekile dashibodi inachokuambia. Gari lako si gonjwa. Linafanya kazi ngumu: kila foleni ikisogea linaondoa kilo zaidi ya 1,700 kutoka sifuri, halafu baada ya mita thelathini unazimaliza kwa breki. Vitz ilibeba uzito mdogo sana kuliko huo.

Lakini usiniamini mimi wala dashibodi. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, endesha wiki yako ya kawaida, kisha rudi kituo kilekile, pampu ileile, ujaze tena mpaka ikate. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizoongeza. Dashibodi nyingi hujipendelea kidogo.

Kuna vitu vya kuangalia kabla hujafungua chochote. Kwanza upepo. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko chenye namba ya upepo wa magurudumu. Magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali, na kijana wa kituoni hupima kwa psi, hivyo ukimwonyesha 230 atakukodolea macho kisha atie anachotiaga kila gari. Mwambie 33. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Pili, tairi zenyewe. Hapa nitakuwa mkali. Gari la magurudumu manne likiwa na tairi mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma, vipenyo havilingani, na ile klachi ya nyuma inafanyishwa kazi isiyo yake mpaka ipate joto. Nunua nne za saizi moja na chapa moja, au zungusha ulizonazo mapema zichakae pamoja. Mkoba wa Nairobi hupenda kununua mbili mbili, najua.

Tatu, uliza oili uliyotiliwa. Kama ni 20W-50, ile nzito ya matatu ya zamani, imwagwe. Mwisho, injini hiyo kule Japani hutumia petroli ya oktani ya juu. Kwa super ya kawaida itakwenda, lakini ikihisi kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati wake, inachelewesha cheche, na nguvu na mafuta kidogo vinapotea hapo. Jaribu tangi mbili za ile ya oktani ya juu, upime kwa njia niliyokupa. Ukikosa tofauti, rudi kwenye super. Bei ya super EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi na haitakuhurumia.

SWALI: Nimekusanya pesa ya NX 300h, ile haibridi ya fowili, yenye injini ya petroli na mota za umeme. Marafiki wananitisha na habari za betri. Nasafiri Nakuru mara nyingi.
– Kijana wa Syokimau

JIBU: Gari hilo mjini linakula kidogo kuliko barabara kuu. Vipimo vya Marekani vya 2018 vinalipatia maili 33 kwa galoni mjini na 30 nje ya mji, yaani kilomita 14 na 12.8 kwa lita. Ndugu yake wa petroli mwenye magurudumu manne ana 22 na 28. Kwenye foleni ya Mombasa Road utamcheka jirani. Kwenye safari ya Nakuru tofauti ni maili mbili tu, kwa hivyo kama maisha yako ni barabara kuu, usilipe pesa nyingi zaidi kwa ajili ya mafuta. Magurudumu ya nyuma huzungushwa na mota ya umeme, shafti haipo kabisa. Fundi wa Ruaka angekosa cha kufungua.

Kuhusu betri: iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Inama uangalie matundu ya kuvuta hewa pale chini ya kiti. Ukiyakuta yameziba kwa vumbi na makombo ya biskuti, muuzaji hajawahi kuyasafisha, na bei ishuke. Ukishanunua, usiegemeze mizigo pale.

SWALI: Nikiteremka Mai Mahiu natia nyutro kuokoa mafuta. Mke wangu anapiga kelele.
– Dereva, Kinoo

JIBU: Mkeo yuko sahihi. Gari la injeksheni likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali, kompyuta hufunga mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukitia nyutro, injini inabidi inywe ili isizime, na breki zinabaki peke yao kwenye mteremko wote huo, malori yakiwa mbele yako na nyuma yako. Rudisha gia.