Acheni kutuma picha, pimeni jiwe

Nimekutumia picha tatu za jiwe linalong'aa. Ni madini gani? (Nachingwea)

Ni jiwe linalong'aa. Zaidi ya hapo simu haioni. Lisugue mgongoni mwa kigae cha bafuni, upande usio na rangi, uniambie unga wake una rangi gani. Jaribu kulikwaruza kwa ukucha, kisha kwa kisu. Halafu sema umelikuta ndani ya mwamba au umeliokota mtoni. Swali lisilo na majibu ya vipimo hivi halitajibiwa tena hapa.

Nitatofautishaje kinywe (grafiti) na ulanga mweusi (maika)? (Ruangwa)

Chora kwenye karatasi. Kinywe kinaacha mstari wa kijivu na vidole vinabaki vyeusi, vina utelezi. Ulanga hauandiki, na ganda lake ukilikunja linarudi lilivyokuwa. La kinywe likikunjwa limekunjika. Ila msikimbilie kuuza shamba wala kununua kwa sababu ardhi inachafua viatu. Mnunuzi wa kinywe anauliza mambo mawili: asilimia ya kaboni na ukubwa wa magamba. Yote mawili ni ya maabara, si ya dalali.

Dalali kakwaruza chupa kwa jiwe la kijani, likaandika. Si ndiyo green garnet hiyo? (Ruangwa)

Kwazi (quartz) inakwaruza chupa. Turmalini, kito kingine kinachoweza kuwa kijani, inakwaruza chupa. Jaribio hilo linawapendeza wauzaji kwa sababu halikatai karibu kitu chochote.

Pima uzito. Chukua mizani ya sonara inayosoma gramu mpaka desimali mbili. Pima jiwe kavu, tuseme gramu 5.40. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi mwembamba hadi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ikisoma 1.50, gawanya: 5.40 kwa 1.50 ni 3.6, na hiyo inalingana na ganeti ya kijani. Turmalini inatoa 3.1 hivi, kioo cha kawaida 2.5. Jiwe likigusa chini, au likizama na viputo vya hewa vimelikamata, jibu linashuka na utaikataa ganeti halali. Tone la sabuni kwenye maji linaondoa viputo. Kisha lichungulie kwa lenzi ya mara 10. Ukiona viputo vya mviringo ndani yake, mrudishie mwenyewe chupa yake. Na mwombe leseni kabla hujatoa hela.

Niko Newala, udongo mwekundu. Nichimbe wapi vito?

Shuka Masasi. Uwanda wa Makonde ni mchanga na mawe ya mchanga, na wekundu huo ni kutu ya chuma tu. Ganeti huzaliwa kwenye miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, kama ile naisi (gneiss) ya vilima vya Masasi.

Kwenye ramani ya jiolojia kijiji chetu kiko kwenye rangi ya waridi. Kuna dhahabu? (Masasi)

Rangi inataja aina na umri wa mwamba, haitaji utajiri. Soma ufunguo: mwamba mkongwe huwa chini, wenye umri mdogo juu. Mstari mzima ni mpaka ulioonekana, wa vipande ni wa kukisia, na wengi mnachimba juu ya makisio. Kwenye ramani ya 1:125,000, milimita moja ni mita 125, kwa hiyo mshipa wa madini wa mita tatu hauwezi kuchorwa kwa upana wake halisi. Halafu karatasi nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa kutaja mahali, Arc 1960, na simu yako inasoma mwingine, WGS 84. Usipobadilisha utakosea karibu mita 300, ukamlaumu mchoraji.

Jiwe jeupe la Kilwa halitoi povu kwenye siki. Si chokaa?

Lisage kwanza, siki ni dhaifu. Unga nao ukinyamaza na ukucha unalikwaruza, yaelekea ni jasi.

Tumepata mfupa uliogeuka jiwe karibu na Tendaguru. Unauzwa bei gani? (Lindi)

Hauuzwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda masalia hayo. Uacheni ulipo, pigeni picha (hapa sasa picha inafaa), mtoe taarifa halmashauri. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huko na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 iko Berlin mpaka leo. Iliyobaki isiondoke kwa kiroba.