Mikono ya sweta inafupika

SWALI: Shikamoo mama. Nafuma sweta za shule kwa mashine hapa Njombe. Mkono ukitoka mashineni una sentimita 40 kamili; ukifuliwa mara moja tu, viwiko vya mikono ya mtoto vinakaribia kuonekana! Uzi ndio mbovu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiusingizie uzi. Vile vyuma vizito vinavyoning'inia chini ya mashine huvuta kitambaa, nawe unapima kikiwa kimenyooshwa. Fuma kipande cha majaribio, kifue kama mzazi atakavyofua, kilaze kikauke, ndipo uhesabu mistari ya vitanzi. Tuseme sentimita 10 zilikuwa na mistari 36, na baada ya kufua ni 40. Basi kwa mkono wa sentimita 40 ulifuma mistari 144 badala ya 160. Hizo ndizo sentimita 4 zilizopotea.

Kuongeza vitanzi kuelekea kwapani nako ukugawe upya: mara 15 ni kila baada ya mistari 10, na 10 ya mwisho uifume wima. Mimi nilishafumua sweta sita kwa uvivu wa kufuma kipande kimoja cha majaribio! Ukibadili rangi, pima tena. Uzi wangu mweusi hukaza kuliko mweupe.