Skopu ya dola 800 kwa .308: anza na vifundo, ukuzaji baadaye

Mkuu umesema una bunduki ya .308, dola 800 za skopu, unapiga karatasi na vibao vya chuma mpaka mita 1,000, na umekwama kati ya skopu ya kukuza mara 6-24 na ya mara 5-25. Hapo hakuna cha kuchagua, jicho halitaiona tofauti ya 24 na 25. Uliza vifundo vya skopu (vya kuzungusha ili kusogeza msalaba, alama ya kulengea iliyo ndani) vinapanda kiasi gani, na vikipanda vinasema kweli?

Piga hesabu. Risasi ya uzito wa greni 175 (kama gramu 11) ikitoka kwa mita 790 kwa sekunde, sifuri yako (umbali ambao risasi inagonga palepale msalaba ulipo) ikiwa mita 100, inataka kupandishwa takriban mili 12.5 ili ifike mita 1,000 ukiwa usawa wa bahari (mili 1 ni sm 10 kwa mita 100). Kwenye mwinuko kama wa Nairobi hewa ni nyepesi, inapungua kidogo. Sasa skopu yenye mili 18 toka chini hadi juu, ukiifunga kwenye reli iliyonyooka (reli ni kipande cha juu ya bunduki kinachoshika pete za skopu), inakuachia kama nusu tu, mili 9. Hufiki. Reli yenye mteremko wa MOA 20 (MOA ni kipimo kingine cha pembe, 1/60 ya digrii) inakuongezea mili 5.8, unapata 14.8 na kazi inafanyika. Bomba la mm 34, kama la Vortex Strike Eagle 5-25x56 au Athlon Ares ETR, kwa kawaida lina safari ndefu zaidi. Anayekuambia bomba nene linaleta mwanga anataka kuuza tu.

Mili au MOA ni sawa, ila msalaba na vifundo viwe vya kipimo kimoja. Chagua wanachotumia wenzako uwanjani, maana wao ndio watakaokutajia marekebisho.

Msalaba wa mbele, yaani ulio mbele ya lenzi za ukuzaji, hukua pamoja na picha, kwa hiyo alama zake ni sahihi kwenye ukuzaji wowote. Ule wa nyuma ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi wa mwisho: skopu ya 24 ukiishusha hadi 12, alama ya mili 1 inafunika mili 2. Kwa mashindano ya masafa marefu ya F-Class, ambako umbali unajulikana, msalaba wa nyuma ni mwembamba na unafaa sana. Wewe una vyuma vya umbali tofauti, chukua wa mbele. Na jua likipanda, mazigazi yatakushusha hadi 15 au 18 hata kama umelipia 25.

Usitumie dola zote kwenye skopu. Bakiza 150 za pete na reli. Skrubu za vifuniko vya pete zikaze kwa Nm 2 hivi, kwa kupishanisha, nafasi ya pande zote ibaki sawa. Ukizidisha, bomba linabanwa na vifundo vinakuwa vizito. Msalaba unyooshe kwa timazi. Ukiinama digrii 1 tu, kwa mili 12.5 risasi inakwenda pembeni kama sm 22 pale mita 1,000, nawe utalaumu upepo.

Kipande cha jicho kirekebishe ukitazama anga, usitazame shabaha. Kisha zungusha kifundo cha paralaksi (kinachozuia msalaba kuelea juu ya shabaha ukisogeza jicho), sogeza kichwa kidogo juu na chini. Msalaba ukielea juu ya shabaha, bado. Namba zilizoandikwa kwenye kifundo hicho usizifuate sana.

Halafu jaribio ambalo wengi wanaliruka. Weka ubao mrefu mita 100 kamili, upimwe kwa futi kamba, kwa sababu kosa la mita moja ni asilimia 1 tayari. Chora mstari wa timazi wenye alama kila sm 10 mpaka mita 1. Funga bunduki isiyo na risasi isitikisike, lenga alama ya juu, pandisha mili 10: msalaba utashuka hadi alama ya chini. Ukiishia sm 98, vifundo vinapunja asilimia 2, yaani robo mili ukipandisha 12.5, sm 25 pale mbali. Hilo unaliingiza kwenye programu ya mahesabu na maisha yanaendelea. Rudisha sifuri, rudia mara tano. Ikikataa kurudi palepale, kagua pete kwanza. Zikiwa sawa, hakuna hesabu ya kuitibu: irudishe dukani ikiwa bado kwenye waranti.