Cecity, Sesilia na fuko: maswali yenu ya wiki hii

Wiki mbili zilizopita niliweka neno la Kiingereza "cecity" kwenye chemshabongo ya safu hii, nikidhani litapita kimya. Halikupita. Nimechagua barua chache.

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha sita hapa Mbagala. Hilo neno nimeuliza darasa zima hadi walimu, hakuna anayelijua. Ni neno kweli au ulitutega? Na linatamkwaje?

Marahaba. Ni neno kweli, na maana yake ni upofu, basi. Limetoka kwenye Kilatini "caecitas", ambalo nalo limezaliwa na "caecus", yaani asiyeona. Litamke "siisiti", mkazo uwe mwanzoni. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utateleza mara mbili tatu kabla halijakaa.

Walimu wako usiwalaumu, Waingereza wengi nao hawalijui. Mara nyingi wana maneno mawili kwa kitu kimoja, la nyumbani na la kuazima Kilatini, na hapa la nyumbani, "blindness", lilishinda zamani. Wafaransa wao wanalo ndugu yake, "cécité", na kwao ni neno la kawaida tu.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1646. Thomas Browne, daktari wa mji wa Norwich, aliandika kuhusu fuko, mnyama ambaye watu wa wakati ule walishikilia kwamba ni kipofu kabisa. Browne akakataa: fuko hana "cecity", ila alichonacho kinazidi "cecutiency". Hilo la pili ni kuona kwa kiwi, kuelekea upofu bila kuufikia. Pale neno lilikuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu lilikuwa na mwenzake wa kupimwa naye. Ukilitoa peke yake leo, watu watakuuliza tu kwa nini hukusema neno la kawaida.

Mwalimu, mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi moja Posta. Tunaandika barua za mwaliko kwa Kiingereza kwa wageni wasioona. Bosi ameliona neno lako na anataka tuandike "persons with cecity", eti ndiyo heshima. Ni sawa?

Hapana, na mwambie nimesema mimi. Neno ambalo mwalikwa lazima alitafute kwenye kamusi halimheshimu, linamsumbua. Andikeni "blind" au "visually impaired", kisha mtumie muda uliobaki kuhakikisha mwaliko wenyewe unapatikana kwa nukta nundu au kwa faili linaloweza kusomwa na simu.

Mwalimu, naitwa Sesilia, nipo Kimara, na ni mwanakwaya. Mwanangu ametoka chuo akaniambia jina langu maana yake "kipofu". Nimekosa raha tangu Jumapili.

Dada Sesilia, pole, lakini mwanao hajakudanganya. Amekuambia nusu ya habari. Cecilia ni jina la wanawake wa ukoo wa Kirumi wa Caecilii, na jina la ukoo huo kwa kawaida huhusishwa na "caecus". Warumi walikuwa kama vijana wa maskani hapa mjini, mtu akiwa na chongo ataitwa Chongo mpaka wajukuu. Cicero, yule msemaji maarufu wa Roma, jina lake linatokana na dengu! Na yupo Appius Claudius, yule aliyeanzisha barabara ya Via Appia mwaka 312 KK. Alipopofuka uzeeni wakamwongezea Caecus, na ndilo jina analojulikana nalo hadi leo. Upofu haukumnyamazisha: mwaka 280 KK alifikishwa kwenye Seneti akawazuia wenzake kufanya amani na Mfalme Pyrrhus, aliyekuwa akipigana na Roma.

Wakristo wa zama za kati nao hawakupenda maana hiyo, wakatafuta nyingine: "caeli lilia", yungiyungi la mbinguni. Kwa wanaisimu hiyo haisimami. Kwa mwanakwaya, tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, sioni wa kukukataza.

Je, "caecum" ya kwenye biolojia ina undugu na neno hilo?

Ina undugu. Ni ule mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, mahali kinaponing'inia kidole tumbo. Upande mmoja umeziba, ndiyo maana ukaitwa utumbo kipofu. Sisi mtaani tungesema hautokei, kama vichochoro vya Manzese vinavyokufikisha kwenye ukuta wa choo cha mtu.

Baba yangu alipoteza kuona jicho moja kwa dakika chache, kisha likarudi. Daktari ameandika "amaurosis fugax". Ndiyo hiyo hiyo cecity? – Kigamboni

Siyo. "Amaurosis" ni ya Kigiriki, inahusu giza la macho, na "fugax" ni ya Kilatini, kitu kinachokimbia. Ni kutoona kunakokuja na kuondoka, mara nyingi damu inapokatika kidogo kufika kwenye jicho, na huweza kuwa onyo la kiharusi. Jicho kurudi kusimfanye akae nyumbani. Mrudishe hospitali leo, maneno tutayajadili baadaye.

Na kwa Kiswahili, "kipofu" ni tusi?

Inategemea mdomo. Bodaboda akikupigia kelele "we kipofu?", hajakuita ili akusaidie kuvuka. Wapo wasioupenda ule ki- kwa kuwa wanausikia kwenye kiti na kisu. Mimi hoja hiyo hainishawishi sana, kwani kiongozi naye anao na sijamsikia akilalamika. Lakini si mimi ninayeitwa. Chama chao wenyewe kinajiita Chama cha Wasioona, kwa hiyo nami huandika "asiyeona". Ila ukitumia "kipofu", sarufi ni "kipofu huyu anapita". Ukisema "kipofu hiki kinapita", hapo ndipo umemfanya kiti.

Linakubalika kwenye Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi?

Kwenye orodha ya Collins ya maneno yanayoruhusiwa, ndiyo. Pointi 13 bila bonasi. Tatizo ni kwamba seti nzima ina C mbili tu, nawe unazihitaji zote.