Daftari la wageni nani analifungua Jumatatu?

Mtumishi, unauliza mbona wageni kanisani wanaandika majina kwenye daftari halafu hamuwaoni tena. Kwetu hilo daftari lilikuwa linalala kabatini mpaka lijae. Siku hizi mama mmoja wa kamati ya ukarimu hulipiga picha ibada ikiisha, na Jumatatu jioni anapiga simu. Nasema anapiga, maana ule ujumbe wa "Bwana Yesu asifiwe mpendwa" uliotumwa kwa watu arobaini mara moja, mtu anaujua tu. Anauliza ulifika salama, unakaa mtaa gani, kisha anamtajia mgeni jumuiya ya jirani, yaani kikundi cha waumini wa mtaani wanaosali pamoja, na siku inayokutana. Basi. Mambo ya zaka na michango ya jengo yasubiri.

Kumsimamisha mgeni ajitambulishe mbele ya kanisa zima mimi sikupendi. Wengine wamekuja wakiwa wamefiwa, wengine wamekorofishana huko walikotoka.

Kumtembelea ni vizuri, ila ombeni ruhusa kwanza, na waende wawili. Sisi tuliwahi kwenda sita bila taarifa; viti vikakosekana, tukaombea mlangoni majirani wakichungulia. Huyo dada hatukumwona tena.